Saratani ya kongosho na uhaba wa oksijeni: kipigwe kipi, HIF, CAIX au Ref-1?

Dada mmoja niliyesoma naye alinitumia ujumbe wa sauti usiku. Baba yake amekutwa na saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini, na tangu habari isambae ukoo mzima unatafuta dawa mtandaoni. Mmoja katuma video ya dawa inayozima "jeni za kukosa hewa", mwingine katuma habari ya dawa tofauti kabisa yenye maelezo karibu yaleyale. "Kaka," akaniuliza, "zote zinasema zinapambana na hiyo oksijeni. Sasa sisi tushike ipi?"

Mimi si daktari wa saratani. Kazi yangu ni ya maabara ya patholojia: tunapokea vinyama, tunavigandisha kwenye nta, tunavikata vyembamba, tunavipaka rangi, ndipo daktari asome. Lakini habari hii ya oksijeni nimeifuatilia kwa miaka, kwa kuwa naiona kwenye slaidi na kwa kuwa ugonjwa wenyewe unaniuma. Kwa makadirio ya mwaka 2022, duniani walipatikana wagonjwa wapya wa saratani ya kongosho kama 511,000, na mwaka huohuo wakafa kama 467,000. Namba mbili zinapokaribiana hivyo, ujue tiba bado haijapatikana ya kutosha, na watu watashika chochote. Kwa hiyo nimemjibu kwa maandishi, njia moja moja, na mwingine mwenye swali kama lake naye asome.

Hewa imekwenda wapi

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima oksijeni ndani ya kongosho za wagonjwa 7 waliokuwa kwenye meza ya upasuaji, kwa kifaa chembamba kama sindano. Kwenye nyama nzima ya kongosho, pembeni ya uvimbe, walipata kati ya 24.3 na 92.7, kwa milimita za zebaki, kizio kilekile tunachopimia presha. Ndani ya uvimbe walipata kati ya 0 na 5.3.

Ukiushika uvimbe huu kwa mkono unaelewa kwa nini. Ni mgumu, na kisu kikipita unasikia nyuzi zinavyokatika. Saratani ya kongosho hujizungushia kovu jingi kama nazi ndani ya makumbi, na mara nyingi kovu huwa jingi kuliko seli zenyewe za saratani. Kovu hilo hukaba mishipa midogo ya damu. Oksijeni nayo ikitoka kwenye mshipa haifiki mbali, ni sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, imekwisha. Seli zilizo nyuma ya hapo hubaki na njaa ya hewa.

Zingekuwa seli za kawaida nyingi zingekufa. Hizi zinaishi kwa sababu mwili wetu una swichi ya dharura, protini iitwayo HIF. Seli huitengeneza HIF muda wote na kuiharibu muda wote. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya fulani huibandika alama, protini nyingine iitwayo VHL huitambua alama hiyo, na HIF hupelekwa kusagwa. Oksijeni ikipungua alama haibandikwi. HIF hujaa, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni: za kuita mishipa mipya ya damu, za kuchoma sukari bila kutegemea oksijeni, za kutupa asidi nje ya seli. Swichi hiyohiyo ndiyo inayowaongezea damu wakimbiaji wanaoishi Iten, kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kuifumbua, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

Saratani haikubuni kitu hapo. Imeazima kilichokuwepo. Na hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanzia, maana kila dawa ya kundi hili inagusa kitu ambacho baba mgonjwa naye anakihitaji kwingine mwilini.

Kuzima HIF-1 yenyewe

Hili ndilo wazo linalomjia kila mtu kwanza, hata mimi lilinijia. Kama kuna swichi kuu, na HIF-1 ndiyo aina ya HIF inayotajwa zaidi, izimwe, jeni zote zilale kwa pamoja. Ilikuwepo PX-478, iliyopunguza HIF-1 na kuusinyaza uvimbe kwa panya. Ilifika majaribio ya awamu ya kwanza kwa binadamu na haikuendelea. Ilikuwepo pia EZN-2968, kipande cha asidi ya nyukilia kilichoundwa kuikamata amri ya kutengeneza HIF-1 kabla protini haijaundwa. Kwenye kundi dogo la wagonjwa wa saratani mbalimbali, baadhi ya vinyama vilivyochukuliwa baada ya dawa vilionesha amri hiyo imepungua kweli, kisha kampuni ikasimamisha mradi.

Ugumu wa kwanza ni wa kikemia. HIF-1 ni protini inayoshikana na protini mwenzake na kukaa juu ya jeni. Haina shimo la wazi ambalo molekuli ndogo ya dawa ingejipachika, kama ufunguo unavyoingia kitasa. Lakini ugumu ulionibadilisha mimi mawazo ni wa pili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwafutia HIF-1 panya waliokuwa na jeni mbovu ya KRAS, jeni inayoiamuru seli ikue, kwenye kongosho. Ungetegemea saratani ipungue. Madoa ya awali ya saratani yakaenda kasi zaidi, na seli B za kinga zikajaa mahali pale zikiusaidia uvimbe badala ya kuupiga. Mwaka 2020 kundi jingine likaonesha kwamba seli za saratani ya kongosho zilizopoteza HIF-1 ziliweza kuvamia na kusambaa zaidi.

Sisemi HIF-1 haina makosa. Ninachosema ni kwamba kwenye kongosho swichi hii inafanya kazi nyingi zinazopingana, na ukiizima yote hujui umezima ipi. Kati ya njia zote hapa, hii ndiyo ninayoiweka mwisho.

Neno moja hapa, na naomba lisikike. Mwaka 2008 maabara ya Semenza ilionesha kwamba digoksini, dawa ya moyo tunayoijua wote, inapunguza utengenezaji wa HIF-1 kwenye seli na kwa panya. Tangu hapo habari hiyo inazunguka kwa sura ya "dawa ya bei poa ya saratani ambayo hawataki uijue". Digoksini ina nafasi ndogo sana kati ya dozi inayotibu na dozi inayosimamisha moyo. Mgonjwa anayetapika, asiyekula, ambaye potasiamu yake imeshuka, ndiye hasa itakayemuua. Msimpe mzee.

HIF-2 na belzutifani

HIF ina ndugu. HIF-2 inafanana na HIF-1 lakini, kwa bahati, ina tundu ndani yake. Wanasayansi wa Dallas, Texas, waliliona tundu hilo, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa belzutifani, inayouzwa kama Welireg. Agosti 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa VHL, ule ambao protini inayoipeleka HIF kusagwa ni mbovu tangu kuzaliwa. Katika orodha ya uvimbe ulioidhinishwa mmoja ni wa kongosho. Kati ya wagonjwa 12 wa aina hiyo waliohesabiwa kwenye idhini, kwa asilimia 83 uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachokubalika.

Nadhani video ya kwanza ya dada yangu ilitokea hapa, na ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Uvimbe huo wa kongosho ni wa seli za homoni, majibu ya kinyama huuita wa nyuroendokrini. Ile ambayo watu wengi huiita saratani ya kongosho, ambayo ndiyo zaidi ya kesi 9 kati ya 10, hutokea kwenye mifereji ya kongosho na huitwa adenokasinoma. Ni kiungo kimoja, magonjwa mawili. Seli hazifanani kwa sura, hazifanani kwa mwendo, wala jeni zilizoharibika si zilezile. Aliyepona mmoja hatoi ushahidi kwa mwingine.

Kwa adenokasinoma, HIF-2 ina habari moja inayonipa matumaini, na haitoki kwenye seli za saratani. Mwaka 2022 watafiti wa Houston waliondoa HIF-2 kwenye seli zinazojenga kovu, wakaziacha seli za saratani kama zilivyo. Panya waliishi muda mrefu zaidi, na dawa za kuamsha kinga zilizokuwa zikishindwa zikaanza kuitikiwa. Maana yake lile kumbi la nazi nalo lina njaa ya hewa, nalo linawasha jeni zake, na jeni hizo zinawafukuza askari wa kinga. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti na anayependa kinga ya mwili, hapa pana kazi ya miaka mingi. Kwa mgonjwa wa leo bado ni panya.

Belzutifani hushusha damu, kwa kuwa HIF-2 ndiyo inayoamuru damu itengenezwe. Inaweza hata kumshushia mtu oksijeni mwilini. Ina onyo zito pia kwa mama mjamzito. Mzee aliyekwisha kudhoofika kwa kemo hapaswi kuimeza kwa kubahatisha.

Kupiga jeni moja moja zinazowashwa na HIF

Ukiiacha swichi ukashughulika na taa zenyewe, taa ya kwanza kujaribiwa ilikuwa VEGF, jeni ya kuita mishipa mipya ya damu. Wazo lilipendeza: uikatie saratani mabomba. Dawa ya bevasizumabu, yaani Avastin, ilikuwa imeshafanya kazi nzuri kwenye utumbo mpana. Jaribio kubwa la Marekani likawachukua wagonjwa 602 wa saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, nusu wakapewa gemsitabini, ambayo ni kemo ya kawaida, na Avastin, nusu gemsitabini na dawa tupu, yaani ya kulinganishia isiyo na kitu ndani. Nusu ya wagonjwa wa kundi la Avastin waliishi zaidi ya miezi 5.8. Wa kundi la pili, miezi 5.9. Hakuna tofauti. Nikikumbuka nyama ile ngumu isiyo na mishipa naona ilikuwa kumkatia maji mtu ambaye bomba lake lilikauka zamani.

Taa ya pili ndiyo ninayoipenda, na nitakaa hapa kidogo.

Seli isiyo na oksijeni huchoma sukari kwa njia ya mkato, na njia hiyo huzalisha asidi nyingi. Wanaokuza seli maabara wanalijua hili kwa rangi. Maji ya kuzilishia seli yana kiashiria chekundu. Ziache usiku kucha kwenye kabati la oksijeni kidogo, asubuhi unakuta sahani imegeuka njano kama maji ya ukwaju. Asidi hiyo ikibaki ndani, seli inajiua yenyewe. Kwa hiyo HIF huwasha jeni ya kimeng'enya kiitwacho CAIX, kinachokaa kwenye ukuta wa nje wa seli. Kazi yake ni kuichukua kaboni dayoksaidi inayotoka, kuichanganya na maji, kurudisha ndani kilicho cha kupoza asidi na kuiacha asidi nje. Ndani kunabaki salama. Nje panakuwa pachachu, na uchachu huo unawasumbua seli za kinga na kuifungulia saratani njia.

Kwenye slaidi iliyopakwa rangi ya CAIX naona hivi: karibu na mshipa wa damu seli ni za buluu tupu. Sogeza kidogo, rangi ya kahawia inaanza kutokea, inazunguka kila seli bila kuingia ndani, mpaka eneo zima linakuwa kama matundu ya wavu wa kuvulia. Sogeza tena unakuta zimekufa. Unaweza kuifuata njaa ya hewa kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho bila kifaa kingine chochote. Kila tunapopaka rangi hii tunaweka pembeni kipande cha tumbo lenye afya, kwa kuwa tumbo na kifuko cha nyongo vina CAIX kwa kawaida yake. Tumbo likikataa kushika rangi, tunajua kosa ni letu, tunarudia.

Dawa iliyoundwa kuikaba CAIX ni SLC-0111. Imetoka kwa ushirikiano wa Claudiu Supuran wa Florence, Italia, na Shoukat Dedhar wa Vancouver, Kanada. Kazi yao ya mwaka 2019 ilionesha kwamba seli za kongosho zenye KRAS mbovu, na hizo ni zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi, ndizo zinazotegemea CAIX zinapokosa hewa, na kwamba ukiikaba huku ukitoa gemsitabini panya wanafaidika zaidi. Jaribio dogo la binadamu likafuata, SLC-0111 pamoja na gemsitabini, kwa sharti ambalo kwangu ni la maana kuliko dawa yenyewe: mgonjwa aingie tu kama kinyama chake kimeonesha CAIX.

Dawa hii haina ushahidi wa awamu ya tatu, yaani wa jaribio kubwa la kulinganisha. Haiuzwi. Hakuna wa kukuuzia kihalali, na atakayesema anayo anakudanganya. Lakini kwa namna ilivyofikiriwa, kupiga kitu kilicho nje ya seli, kinachopimika kwa rangi ya bei nafuu, ambacho sehemu nyingi za mwili hazikitumii, naiona imekaa vizuri kuliko zote.

Wapo watakaouliza kuhusu asetazolamidi, Diamox, vidonge ambavyo wapanda Kilimanjaro hunywa kuzuia ugonjwa wa mlimani. Kweli inakaba familia nzima ya vimeng'enya hivyo, na maabara zimeitumia kwenye sahani za seli. Kasoro yake ni hiyo familia nzima: inagusa figo, inagusa damu, inabadilisha asidi ya mwili mzima. Kinachofaa kwenye sahani hakijawa dawa ya mzee.

Ref-1, mlango wa nyuma

Hii ni njia ya Indianapolis, Chuo Kikuu cha Indiana, ambako Mark Kelley na Melissa Fishel wameifanyia kazi kwa miaka mingi. HIF ikishajaa bado inahitaji kuandaliwa ili ishike jeni vizuri, na mwandaaji mmojawapo ni protini iitwayo APE1, au Ref-1. Hiyo protini ina ajira mbili. Ya kwanza ni kukarabati DNA, kazi ambayo hatutaki kuigusa. Ya pili ni kuziwezesha protini za kuwasha jeni, HIF-1 ikiwemo, na pia STAT3 na NF-kB, ambazo huchochea uvimbe na uhai wa saratani. Dawa yao, APX3330, inazuia ajira ya pili na kuiacha ya kwanza.

Faida ninayoiona ni kwamba huizimi HIF kabisa. Unaipunguzia nguvu, na papo hapo unapunguza wenzake wawili watatu. APX3330 ni ya kumeza, iliwahi kutengenezwa Japani kwa ajili ya ugonjwa wa ini, kwa hiyo usalama wake kwa binadamu si jambo geni. Imepita awamu ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani.

Lakini kilichonivutia zaidi ni majaribio yao ya mwaka 2016 na 2018. Walichukua seli za wagonjwa wenyewe, wakazikuza kama vidonge vidogo vya mviringo pamoja na seli za kovu, ili zifanane na uvimbe halisi kuliko zile zinazolazwa bapa kwenye sahani. Ref-1 ikizuiwa peke yake, CAIX inashuka, seli zinadhoofika kiasi. CAIX ikizuiwa peke yake, vilevile. Zikizuiwa zote mbili, vidonge vinasinyaa zaidi kuliko kila dawa ilivyofanya peke yake. Ni mantiki ya kufunga mlango na dirisha kwa pamoja. Kwa mtafiti kijana anayeniuliza aanzie wapi, namwelekeza hapa bila kusita.

Dawa inayoamka pasipo na hewa

Hii haipigi jeni yoyote ya HIF, lakini kwenye video za ukoo huwekwa kapu moja, na mgonjwa hana sababu ya kujali tofauti hiyo. Evofosfamidi ni sumu ya seli iliyofungwa. Ikipita penye oksijeni inabaki imefungwa, ikifika pasipo na oksijeni inafunguka na kuua. Yaani badala ya kuzima mbinu ya saratani, inaugeuza udhaifu huo kuwa mtego.

Ukiiacha Avastin, ndiyo pekee kati ya dawa nilizotaja hadi hapa iliyopata mtihani mkubwa wa haki kwenye adenokasinoma ya kongosho. Wagonjwa 693, matokeo yakatangazwa Desemba 2015. Waliopata gemsitabini na evofosfamidi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 8.7, waliopata gemsitabini na dawa tupu, miezi 7.6. Ugonjwa ulichelewa kuendelea, miezi 5.5 dhidi ya 3.7. Kitakwimu tofauti ya maisha ilikosa kidogo tu kuvuka mstari uliowekwa, na kampuni zikaachana nayo kwa kongosho.

Mwezi mmoja. Mtu aliyekaa kitandani na baba yake anajua mwezi mmoja una nini ndani. Na kinachonikera hadi leo ni kwamba wagonjwa hawakuchaguliwa kwa kupimwa hewa ya uvimbe wao. Watafiti wa Toronto waliwapa wagonjwa 10 wa kongosho kiashiria kinachonasa mahali pasipo na oksijeni kabla ya upasuaji, wakakuta kwa wengine karibu hakuna eneo la njaa ya hewa, na kwa mwingine linafika kama robo ya uvimbe. Sindano ya Stanford na kiashiria cha Toronto havipimi kitu kwa namna moja, lakini ujumbe wa Toronto uko wazi: si kila uvimbe wa kongosho una njaa sawa. Ukimpa kila mtu dawa inayoamka penye njaa, wasio na njaa wanapata madhara yake, kushuka kwa chembe sahani na vidonda vya ngozi na kinywa, bila faida, na wanaushusha wastani wa waliofaidika.

Kuna waliojaribu kulivunja kovu lenyewe ili hewa na dawa vipite. Nalitaja kwa kifupi kwa kuwa halijafaulu: dawa ya PEGPH20 kwa wagonjwa 494, walioipata nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.2, wasioipata miezi 11.5, ikafungwa mwaka 2019. Wao waliwapima wagonjwa kwanza, na bado ikashindikana, kwa hiyo nisidanganye kwamba kupima peke yake kunatosha.

Sasa ushike ipi

Nilimwambia dada yangu aanze na kitu ambacho hakuna video iliyokitaja, yaani kemo ya kawaida kama mzee anaiweza. FOLFIRINOX, mchanganyiko wa dawa kadhaa za kemo, kwenye jaribio la Ufaransa la mwaka 2011, iliwapa nusu ya wagonjwa zaidi ya miezi 11.1 dhidi ya 6.8 ya gemsitabini peke yake. Hakuna dawa ya oksijeni iliyofika hapo. Ni kemo nzito, inataka mtu mwenye nguvu za kutosha; asiyeiweza ana gemsitabini pamoja na nab-paklitakseli, miezi 8.5 dhidi ya 6.7. Na kama macho ni ya njano, mfereji wa nyongo uzibuliwe kwanza, maana hakuna kemo salama juu ya ini lililoziba.

Pili, kama wapo nje ya nchi na hospitali inawapa nafasi ya jaribio, waulize jaribio hilo linapiga nini. Likiwepo la dawa za KRAS na likiwepo la oksijeni, na mzee anafaa kote, mimi ningemwomba daktari azungumzie la KRAS kwanza, kwa sababu ushahidi wake kwa binadamu umetangulia. Kati ya majaribio ya oksijeni, ningechagua lile linalopima kinyama kabla ya kumwingiza mgonjwa, linalotoa dawa pamoja na kemo badala ya kumnyima kemo, na linalopiga kitu kinachowashwa na HIF kama CAIX kuliko HIF-1 yenyewe. Belzutifani iulizwe tu kama majibu yameandika nyuroendokrini, au kwenye ukoo kuna uvimbe wa figo, wa macho na wa ubongo unaojirudia, dalili za VHL. Hapo ni swali halali kabisa, na daktari asilipuuze.

Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa dawa inayojaribiwa, lina namba ya usajili inayotafutika kwenye daftari la umma la majaribio, kama lile la Marekani au lile la Afrika, na lina fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa anaruhusiwa kwenda nayo nyumbani akaisoma na wanawe. Kikikosekana kimoja, ondokeni.

Asubuhi yake dada alinitumia picha ya majibu ya kinyama, imepigwa juu ya kitambaa cha meza, pembe moja imekunjwa. Adenokasinoma ya mifereji. Hakuna mahali palipoandikwa CAIX, wala sikutegemea. Si kipimo cha kawaida kwa kongosho. Nikamwambia apige simu maabara iliyosoma, ataje namba iliyo juu kulia, aulize kama bloku ya nta ya baba bado ipo. Ni kitu kidogo kama kete ya domino, kinyama kikiwa katikati kama punje ya mchele. Ikitunzwa vizuri, inaweza kupimwa CAIX, KRAS au kingine chochote ambacho jaribio litakitaka, bila kumchoma mzee sindano tena. Saa nne akanijibu: ipo, wamesema wataitunza, na Jumatatu baba anaanza kemo ya kwanza.